Kuchora Mishipa ya Damu kwa Pande Tatu kutokana na Siti Skani: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi wa radiografia na madaktari vijana wa hapa Mombasa ambao tayari wanajua kusoma picha za siti skani kipande baada ya kipande, na sasa wanataka kuzigeuza ziwe sura moja ya pande tatu ambayo daktari wa upasuaji ataizungusha kwenye skrini kabla hajashika kisu. Mfano wangu tangu mwanzo hadi mwisho ni aota ya tumboni, yaani mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, pamoja na ateri za figo, yaani mishipa inayopeleka damu kwenye figo, kwa kuwa sehemu hiyo ya mwili ina takriban kila tatizo analokutana nalo mchoraji: mfupa ulio jirani, chokaa iliyoganda ukutani, vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) zinazojipenyeza kati ya ateri, na damu iliyoganda ambayo jicho la haraka haliioni.

Programu ninayofundishia ni 3D Slicer. Hutolewa bure, hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na ilianza mwaka 1998 kama kazi ya pamoja ya hospitali ya Brigham and Women's ya Boston na chuo cha MIT. Haijaidhinishwa kwa matibabu. Ni chombo cha utafiti na mafunzo, kwa hiyo ripoti ya mgonjwa lazima itolewe na daktari wa radiolojia kwa vifaa vilivyoidhinishwa. Hata hivyo, hatua ninazozieleza ni zilezile utakazozifuata kwenye kompyuta ya hospitali, ingawa vitufe vitakuwa na majina mengine.

Hatua ya kwanza: lijue swali

Usifungue programu kabla hujajua daktari anauliza nini. Anayeshuku kwamba aota imevimba anataka kipenyo chake na umbali kutoka ateri za figo hadi uvimbe unapoanza. Anayepanga kumtoa mtu figo ampe nduguye anataka kujua ni ateri ngapi zinaingia kila figo, kwa sababu takriban robo ya watu wana ateri ya ziada, na hiyo ya ziada inaweza kuwa na upana wa milimita 2 tu. Picha inayomridhisha wa kwanza inaweza kumpoteza wa pili.

Hatua ya pili: rangi ifike kwa wakati wake

Sura nzuri ya pande tatu huanzia kwenye chumba cha mashine, na kosa lililofanyika pale halirekebishiki kwenye kompyuta. Vipimo vya Hounsfield, yaani namba za mng'ao wa kila nukta ya picha ya siti skani, vilivyopewa jina la mhandisi Mwingereza aliyegawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, huyapa maji 0 na hewa −1000. Damu isiyotiwa dawa ya rangi huwa karibu na 40, na misuli huwa karibu na 50 au 60. Kwa tofauti ndogo namna hiyo hakuna programu itakayoweza kuutenganisha mshipa na nyama iliyouzunguka. Ndiyo maana tunachoma dawa ya rangi yenye madini ya iodini, ili ateri zipande hadi 300 au zaidi.

Kwa mtu mzima wa wastani, mililita 80 hadi 100 zinazopita kwa mwendo wa mililita 4 au 5 kwa sekunde zinatosha, zikifuatwa na mililita 30 au 40 za maji ya chumvi ili kuisukuma rangi iliyobaki mkononi. Kwa mwendo huo sindano ya mshipani iwe ya namba 18 au 20, tena iwekwe kwenye kiwiko. Ile nyembamba ya mgongo wa kiganja haistahimili. Kisha mashine iwekewe alama juu ya aota, iwe inaipima kila baada ya muda mfupi, na vipimo vikifika 150 hivi ianze kupiga baada ya sekunde chache.

Wakati ndio kila kitu hapa. Anayesimama juu ya daraja la Nyali maji yamejaa huuona mkono wa bahari wa Tudor umetanda hadi ndani ya mikoko, na kila mfereji mdogo unang'aa. Akirudi maji yakipwa, mifereji ileile ipo lakini haioni, ni tope tupu. Rangi mwilini hujaa na kupwa vivyo hivyo, ila kwa sekunde. Ukipiga mapema, ateri ndogo hazijajaa. Ukichelewa, vena nazo zimejaa, na vena za figo ndizo zenye haraka kupita zote kwa sababu damu hupita kwenye figo kwa kasi. Vena ya figo ya kushoto hupita mbele kabisa ya aota. Ikishang'aa, itakaa juu ya kile unachotaka kukionyesha.

Usimlaze mgonjwa kabla ya kuzungumza naye, na chagua maneno. Hapa pwani ukimwambia mzee kwamba unapiga picha ya mshipa, huenda akadhani umemgundua ana ngiri. Mwambie ni mishipa ya damu. Mwambie pia ukweli kuhusu rangi: “Mama, utahisi joto linapanda mwili mzima, na utadhani umejikojolea. Hujajikojolea, ni dawa inapita. Nikikwambia vuta pumzi, vuta, uizuie mpaka nikwambie toa.” Mgonjwa aliyeelezwa hivyo hashtuki, na asiyeshtuka hatikisiki. Mtikisiko mdogo tu wakati wa kupiga huikata aota vipandevipande kwenye sura ya pande tatu.

Kuna swali ambalo wagonjwa wetu huuliza sana, nalo ni kama asiyepatana na kamba au pweza anaruhusiwa kuchomwa dawa hii. Mzio wa samaki na wanyama wa baharini unatokana na protini zao, hautokani na iodini, na hauzuii kipimo hiki kwa namna ya pekee. La kuulizwa kwa makini ni kama aliwahi kudhurika na dawa hii hii ya rangi, na kama ana pumu au mizio mikali. Figo zipimwe pia. Uwezo wa kuchuja ukiwa chini ya mililita 30 kwa dakika, uamuzi wa kuendelea ni wa daktari, si wa fundi wa mashine.

Hatua ya tatu: pokea data, si picha ya picha

Kila wiki huletewa simu yenye picha ya filamu iliyopigwa dirishani, nikaombwa niitengeneze 3D. Haiwezekani. Picha iliyopita kwenye WhatsApp imepoteza vipimo vya Hounsfield na umbali kati ya vipande, na bila hivyo viwili hakuna cha kuchora. Omba mafaili ya DICOM yenyewe, yaani data asili inayotoka kwenye mashine, kwenye CD au flashi. Kipande kimoja huwa na pikseli 512 kwa 512 na huchukua karibu nusu megabaiti, kwa hiyo vipande 1,000 ni kama megabaiti 500. Kumbukumbu ya kompyuta iwe angalau mara kumi ya data unayofungua. Gigabaiti 16 zinakutosha kwa kazi hii. Hifadhi kazi yako kila baada ya hatua, maana umeme wetu haupigi hodi unapoondoka.

Kabla ya kuitumia picha kwa mafunzo, ondoa jina, namba na tarehe ya kuzaliwa vilivyomo ndani ya faili. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Zaidi ya hapo, picha za kichwa zina jambo ambalo wengi hawalifikirii: kutoka kwenye vipande vilevile mtu anaweza kuuchora uso wa mgonjwa ukatambulika, hata kama jina limefutwa.

Hatua ya nne: chagua mfululizo wenye vipande vyembamba

CD moja huwa na mifululizo kadhaa ya vipigo vilevile. Uache ule wa milimita 5, ambao ni wa kusomea, na utafute ule wa milimita 1 au chini yake, uliotengenezwa kwa kichujio laini. Kichujio kikali cha kuonyesha mifupa huleta chengachenga zinazofanya ukuta wa mshipa uonekane umeparara.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Picha ya tumbo yenye upana wa milimita 360 ikigawanywa kwa pikseli 512 hutoa milimita 0.7 kwa kila pikseli. Kipande kikiwa na unene wa milimita 1, kila vokseli (yaani pikseli pamoja na unene wake) inakaribia kuwa na pande sawa, na sura itatoka laini. Kipande kikiwa cha milimita 5, vokseli ni kama tofali lililosimamishwa wima. Aota hutoka na ngazi ngazi, na ile ateri ya ziada ya milimita 2 humezwa na mafuta yanayoizunguka. Usijaribu kuziba ngazi hizo kwa kulainisha. Rudi ukaombe mfululizo mwembamba.

Hatua ya tano: tazama kwanza, ndipo uchore

Pitia vipande vyote kwa jicho, kutoka kiwambo hadi nyonga, kabla hujagusa chombo chochote cha 3D. Andika pembeni ulichokiona: chokaa iko wapi, ateri za figo ni ngapi, kuna kitu kijivu kinachouzunguka mkondo wa damu au hakuna.

Baada ya hapo washa picha ya mng'ao wa juu, ambayo wengi huiita MIP. Kompyuta hupitisha mistari mingi sambamba ndani ya data, na kila mstari huchukua vokseli moja tu iliyong'aa kuliko nyingine zote. Ni nzuri kwa kuonyesha ateri ndogo na chokaa, lakini haina mbele wala nyuma, na mfupa ukikaa kwenye njia huufunika mshipa wote. Kisha washa uchoraji wa ujazo, ambao huipa kila vokseli rangi na kiasi cha uwazi kulingana na kipimo chake cha Hounsfield. Katika 3D Slicer mpangilio unaoitwa CT-AAA ni mahali pazuri pa kuanzia. Sogeza kitelezi kulia na kushoto mpaka misuli itoweke na mishipa ibaki. Kumbuka kwamba nyekundu unayoiona imetiwa na programu. Hakuna nyekundu ndani ya data. Kuna namba tu.

Hatua ya sita: weka kizingiti

Hapa ndipo palipo na moyo wa kazi, na ndipo panapofanyika makosa mengi. Fungua sehemu iitwayo Segment Editor, kisha uchague kizingiti. Vokseli yenye kipimo kilicho chini ya namba uliyoiweka haiingii. Iliyo juu yake inaingia na kuhesabiwa kuwa mshipa. Kwa kuwa ukingo wa mshipa kwenye picha haukatiki ghafla bali hufifia ndani ya vokseli mbili au tatu, namba unayoichagua ndiyo inayoamua upana wa mshipa utakaochora.

Njia iliyo salama ni kuchukua nusu ya kati. Pima ndani ya aota, tuseme umepata 350. Pima nyama iliyo jirani, tuseme ni 50. Jumla yake ni 400, na nusu yake ni 200. Anzia hapo. Nimewahi kuwaonyesha wanafunzi ateri ya figo ya kushoto kwenye picha moja ya mazoezi: kwa kizingiti cha 200 ilikuwa na upana wa milimita 6, nilipopandisha hadi 300 ikabaki milimita 4 na nusu, na mahali ilipopinda ikaonekana kama imebanwa, niliposhusha hadi 120 ikanenepa hadi milimita 7 na ikaanza kushikana na vena iliyo pembeni. Mgonjwa ni yuleyule, picha ni ileile, na kilichobadilika ni kidole changu kwenye kipanya.

Ateri ndogo zina shida ya ziada. Vokseli zake nyingi zimechanganya damu na mafuta, kwa hiyo kipimo chake cha juu kabisa huenda kikawa 220 badala ya 350, na kizingiti kinachoifaa aota kitaikata ateri ndogo vipande. Itenge peke yake, kwa namba yake yenyewe, halafu uiunganishe. Kazi hii huchukua muda, na ni muda uliotumika vizuri.

Hatua ya saba: ondoa mifupa na vena

Kizingiti cha 200 hakitakuletea aota peke yake. Uti wa mgongo utakuja nao, kwa sababu mfupa wa ndani ulio kama sifongo una vipimo vinavyokaribiana na vya damu yenye rangi, na ule mgumu wa nje hupita 1,000. Kwanza tumia mkasi wa programu kuukata uti kwa nyuma, ukitazama kutoka ubavuni, penye nafasi wazi kati yake na aota. Kisha chagua kisiwa unachotaka kukibakisha, na vipande vilivyotengana nacho vitaondoka.

Pale mfupa na mshipa vinapogusana, mkasi hautoshi. Otesha kutoka kwenye mbegu: weka vitone ndani ya aota kwa rangi moja, ndani ya mifupa kwa rangi ya pili, na ndani ya vena kwa rangi ya tatu, halafu uiache programu ikuze kila mbegu mpaka zikutane mipakani. Weka mbegu nyingi karibu na mahali penye ugomvi, chache kwingineko. Kwenye nyonga, ateri hupita karibu sana na mfupa, na chini ya fuvu ateri ya shingo hupita ndani ya mfupa wenyewe; huko uwe tayari kusahihisha kipande kwa kipande kwa mkono.

Chokaa ya ukutani ina tabia yake. Hung'aa kupita ukubwa wake halisi, ikaonekana imeziba mkondo ambao kwa kweli uko wazi nusu. Itenge kwa kizingiti cha juu, juu ya kipimo cha damu uliyoipima, uipe rangi nyeupe, na umwonyeshe daktari ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa.

Hatua ya nane: lainisha kidogo tu

Kichujio cha wastani kinachotazama vokseli 3 kila upande kinatosha. Kila unapolainisha, matawi membamba hupotea kwanza. Baadaye programu itaugeuza utengaji wako kuwa gamba la pembetatu ndogondogo, kwa mbinu zilizokuzwa kutokana na ile iliyochapishwa mwaka 1987 na William Lorensen na Harvey Cline, na gamba hilo linaweza kuhifadhiwa kama faili la STL kwa ajili ya printa ya 3D.

Hatua ya tisa: pima juu ya mstari wa kati

Ukikata muhogo wima sawasawa unapata duara. Ukiukata kwa mshazari unapata umbo refu kama yai, na muhogo ni uleule. Aota ya mtu mzima mara nyingi imepinda, na kipande cha siti skani huikata kwa mshazari. Aota yenye kipenyo cha milimita 30 ikikatwa kwa pembe ya nyuzi 45 itapimwa milimita 42 kwa urefu wa yai lile. Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu aota ya tumboni huitwa iliyovimba kuanzia milimita 30, na kwa wanaume upasuaji hufikiriwa kwa kawaida ikifika 55.

Kwa hiyo tumia nyongeza ya programu iitwayo VMTK kuuchora mstari unaopita katikati ya mshipa tangu juu hadi chini. Weka alama mwanzoni na kwenye kila ncha ya tawi, halafu upime kipenyo kwenye mkato uliosimama wima juu ya mstari huo. Urefu nao upimwe kwa kuufuata mstari, usipimwe kwa rula iliyonyooka hewani.

Hatua ya kumi: rudi kwenye vipande

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, katika hospitali ambayo siitaji, nilimtengenezea daktari wa upasuaji sura ya aota niliyojivunia. Ilikuwa laini, nyembamba, haina kasoro. Akaizungusha mara mbili, akaniomba nimfungulie kipande kilichoko chini ya ateri za figo. Pale palikuwa na uvimbe mpana, na ndani yake damu iliyoganda imeujaza ukuta pande zote, ikaacha katikati mfereji wa upana wa kawaida. Damu iliyoganda haipokei rangi, hubaki chini ya 100, na kizingiti changu cha 200 kilikuwa kimeifuta yote. Nilikuwa nimechora njia ya maji nikadhani nimechora mto na kingo zake. Hakunigombeza. Aliniambia tu, “Mwanangu, hii niliyoiona kwenye kipande ndiyo itakayopasuka.”

Tangu siku hiyo kila sura ninayoitoa huilazia juu ya vipande vya asili, mpaka wa utengaji ukiwa umechorwa kwa mstari mwembamba, na huushuka mwili mzima kipande baada ya kipande nikiangalia mambo matatu: mpaka umekaa kwenye ukuta au umeingia ndani, kuna tawi lililoonekana kwenye vipande na halipo kwenye sura, na kuna kitu kijivu nje ya mpaka ambacho ni sehemu ya mshipa. Kikiwepo hicho cha mwisho, kitenge kwa mkono, ukipe rangi yake yenye uwazi nusu, ili mkondo uonekane ndani na ukuta wa nje uonekane pia. Kipenyo cha uvimbe hupimwa kwenye ukuta huo wa nje.

Kukabidhi

Toa picha 36, moja kila baada ya nyuzi 10, ili daktari aweze kuizungusha sura hata kwenye kompyuta isiyo na programu. Ambatanisha vipande vitatu au vinne vya asili vinavyothibitisha jambo kuu. Andika chini ya kila picha unene wa kipande na kizingiti ulichotumia. Na kwenye kila picha, si kwenye ya kwanza tu, andika kulia na kushoto kwa mgonjwa: sura ikitazamwa kwa mbele, figo ya kulia iko kushoto kwa mtazamaji, na ikizungushwa nyuzi 180 huhamia upande mwingine, wakati huo daktari amekwisha kunawa, amevaa glavu, na hawezi kugusa kipanya kuhakikisha.